Uhitaji upo, cheti hakipo

*Bajeti ya mikopo ya elimu ya juu imepanda sana katika miaka ya karibuni, lakini kijana wa familia maskini bado anaweza kukosa kwa sababu ya herufi moja ya jina, au cheti cha kifo ambacho hakuna aliyewahi kukifuatilia.*

Na Mwandishi Wetu

SINGIDA. Steshenari iko mkabala na stendi ya mabasi: chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya kudurufu na feni inayozunguka kwa kusuasua. Nje, kwenye benchi la mbao, vijana waliomaliza kidato cha sita wanasubiri zamu, kila mmoja na bahasha ya kaki mapajani.

Ndani, binti mmoja anamtajia mwenye kompyuta namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Mfumo unaleta jina lake na la baba yake: Hamisi. Kwenye cheti cha kuzaliwa, jina hilohilo limeandikwa Khamis.

"Mdogo wangu, majina hayafanani haya."

"Si baba huyohuyo, kaka?"

"Mimi naelewa ni huyohuyo. Mfumo ndio hauelewi."

Binti anatoka nje kupiga simu nyumbani. Huenda sasa akahitaji hati ya kiapo cha majina, maana yake ni fedha ya wakili, nauli ya kwenda na kurudi na siku kadhaa za kungoja, wakati dirisha la maombi lina tarehe yake ya kufungwa.

Hakuna mahali kwenye fomu panapomuuliza kama jana alikula. Panapoulizwa ni namba za vyeti, sahihi, mihuri na picha. Kwa maelfu ya vijana wa Kitanzania, hapo ndipo safari ya chuo kikuu inapopita au kukwama, kabla hata hawajajua wamechaguliwa chuo gani.

Kutoka kusomeshwa hadi kukopeshwa

Waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miongo ya mwanzo ya Uhuru walisomeshwa na Serikali: ada, chakula, malazi na hata nauli. Wanafunzi walikuwa wachache, na kila mhitimu alikuwa na kiti kinachomsubiri ofisini.

Uchumi uliyumba katika miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 sera ya kuchangia gharama ikaingia. Mikopo ya wanafunzi ikaanza kutolewa katikati ya muongo huo. Kisha Bunge likatunga Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, na Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Zanzibar nayo ina bodi yake ya mikopo, iliyoundwa mwaka 2011.

Fedha zimeongezeka kweli. Mwaka wa masomo 2020/21 bajeti ya mikopo ilikuwa Sh464 bilioni. Mwaka uliofuata ikapanda hadi Sh570 bilioni, na ilipofika 2024/25 ilikuwa Sh787 bilioni kwa wanafunzi wapatao 245,000. Fedha ya chakula na malazi, ile ambayo kila mwanafunzi anaiita "boom", imetoka Sh8,500 kwa siku na kufika Sh10,000. Kuanzia 2023/24, hata wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele wameingizwa kwenye mpango.

Lakini wanaohitimu kidato cha sita nao wanaongezeka, vyuo vimeongezeka, na jambo moja hujificha ndani ya bajeti hiyo: sehemu kubwa ya wanufaika ni wanafunzi wanaoendelea. Kila anayepewa mkopo mwaka wa kwanza huacha deni kwenye bajeti ya mwaka wa pili na wa tatu. Wa udaktari huliacha hadi mwaka wa tano.

> Kila mwanafunzi mpya wa udaktari anayepangiwa mkopo ni ahadi ya miaka mitano ya bajeti.

Mwombaji mpya na safari ya sahihi

Maombi hufanyika mtandaoni, kupitia mfumo wa Bodi unaojulikana kama OLAMS. Sharti la kwanza ni uraia. Kisha umri usizidi miaka 35, mwombaji, hadi mikopo inapopangwa, awe amedahiliwa katika chuo kinachotambulika, na asiwe na ajira au mshahara wa kumwezesha kujilipia.

Baada ya hapo karatasi zinaanza kufuatana. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au na wakala mwenzake wa Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa kuwa na cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, anatakiwa kuwa na fomu iliyothibitishwa na mganga. Aliyetoka kaya maskini inayosaidiwa na mfuko wa TASAF anatakiwa kuwa na namba ya kaya. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili anatakiwa kuwa na barua ya mfadhili.

Fomu ikishajazwa inachapishwa. Inasainiwa na mwombaji, na mdhamini mwenye kitambulisho na picha, na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha hakimu au wakili anagonga muhuri. Halafu kurasa zenye sahihi zinapigwa picha na kupandishwa tena kwenye mfumo.

Kijana wa Sinza anaweza kuyamaliza haya kati ya asubuhi na adhuhuri. Wa kijijini Manyoni huanza na bodaboda hadi kwa mtendaji, ambaye siku hiyo ameitwa wilayani, kisha basi hadi mjini anakopatikana wakili. Wapo wanaolalamika kuombwa "ya soda" ili muhuri ugongwe. Ni fedha isiyo halali, lakini mwenye haraka hana muda wa kubishana.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi huligundua wakiwa wamechelewa. Wahitimu wengi wa kidato cha sita, wakati dirisha likiwa wazi, wako kambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, ya mujibu wa sheria yaliyorejeshwa mwaka 2013. Bodi imekuwa ikipeleka maofisa makambini kutoa elimu ya maombi. Hata hivyo elimu ni kitu kimoja, na cheti kilichobaki sandukuni Tandahimba ni kitu kingine.

Waliozaliwa kabla ya kampeni

Kwa nini vyeti viwe tatizo kubwa kiasi hiki? Jibu liko kwenye mwaka wa kuzaliwa.

Vijana wanaoingia chuo sasa wengi wao walizaliwa kati ya 2005 na 2007. Wakati huo, kusajili kizazi vijijini kulimaanisha safari hadi makao makuu ya wilaya, na wazazi wengi hawakuona sababu; kadi ya kliniki ilitosha kumwandikisha mtoto shule. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano karibu na nyumbani, katika vituo vya afya na ofisi za kata, ulianza mkoani Mbeya mwaka 2013 na kuenea mkoa baada ya mkoa. Mtoto wa 2006 alikuwa na miaka saba. Mpango ulimpita.

Ndiyo maana wengi hukata cheti wakiwa kidato cha tano au cha sita, zaidi ya miaka kumi baada ya jina lao kuandikwa na mwalimu wa darasa la kwanza kama alivyolisikia. Hapo ndipo Khamis na Hamisi wanapozaliwa. Hapo ndipo Mwajuma anapokuwa Mwanajuma, na aliyesoma kwa jina la babu akakatiwa cheti kwa jina la baba.

Cheti cha kifo ni kigumu zaidi. Mzee akifariki kijijini, watu huzika, huomboleza, hugawana majukumu. Kama hakuna mirathi ya benki wala pensheni, hakuna anayekwenda wilayani kusajili kifo. Miaka kumi baadaye mtoto anaombwa ushahidi kwamba baba hayupo.

> Yatima asiye na cheti cha kifo, mbele ya fomu, ana wazazi wawili walio hai.

Vivyo hivyo kwa aliyesoma shule binafsi kwa hisani. Wapo vijana waliolipiwa ada na parokia, na shangazi aliyekuwa na duka, au na mgeni wa Ulaya aliyewahi kutembelea kijiji na kuacha anwani. Mfadhili akishaacha kujibu barua, rekodi inayobaki ni jina la shule yenye ada kubwa, na jina hilo linamsemea mwombaji kwamba kwao wanajiweza.

Anayeendelea naye ana yake

Mazungumzo mengi huwalenga wanafunzi wapya. Aliyeko mwaka wa pili husahaulika, na wapo wa aina mbili.

Wa kwanza ni mwenye mkopo tayari. Huyu haombi upya, lakini mkopo wake unategemea afaulu na kuingia mwaka unaofuata, chuo kipeleke matokeo yake kwenye Bodi, na yeye athibitishe kupokea kila fedha inapofika. Akiwa na mtihani wa marudio, "sapu", ambao matokeo yake yamechelewa, fedha nayo inachelewa. Akiahirisha mwaka kwa ugonjwa au ujauzito bila kupeleka taarifa kwenye dawati la mikopo chuoni, atarudi na kukuta jina lake halimo kwenye orodha ya malipo.

Boom hulipwa kwa awamu za siku 60 hivi, yaani Sh600,000 kwa awamu. Inapochelewa wiki tatu, mwanafunzi wa Changanyikeni au Makulu huishi kwa kukopa kwa mama ntilie, ambaye ana daftari la madeni lenye majina ya wanachuo kurasa kwa kurasa.

Wa pili ni yule ambaye hakupata mkopo mwaka wa kwanza. Utaratibu unamruhusu kuomba tena dirisha linapofunguliwa, na wengi hawajui. Familia yake iliuza ng'ombe au kiwanja ili aanze. Mwaka wa pili hakuna tena cha kuuza. Malalamiko ya wazazi wa kundi hili ni kwamba juhudi yao ya mwaka wa kwanza inageuka kuwa ushahidi dhidi yao: kama mlimudu jana, leo mnashindwaje?

Hali za watu hubadilika katikati ya masomo. Baba hufariki, mama hupunguzwa kazini, bei ya korosho au pamba huporomoka. Anayeendelea anahitaji kuziwasilisha habari hizo kwa nyaraka, tena kwa wakati, kwa sababu ofisi haipigi simu kuuliza za nyumbani.

Uhitaji au ufaulu?

Mwaka wa masomo 2022/23 Serikali ilianzisha ufadhili unaoitwa Samia Scholarship, kwa bajeti ya kuanzia ya Sh3 bilioni. Unasimamiwa kupitia Bodi ya Mikopo na kuwalenga waliofaulu kwa kiwango cha juu mtihani wa kidato cha sita katika masomo ya sayansi, wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi na tiba. Tofauti na mkopo, anayeupata hatakiwi kurudisha.

Benki Kuu ya Tanzania nayo ina mfuko wa ufadhili wa kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere, ulioanzishwa mwaka 2009, unaowapa kipaumbele wasichana wanaosoma hisabati na sayansi.

Hapa pande mbili zinavutana. Wanaounga mkono ufadhili wa ufaulu wanasema nchi ina uhaba wa wahandisi na madaktari, na kijana aliyeongoza kwenye fizikia asibaki nyumbani kwa kukosa ada. Wanaongeza kwamba alama za Baraza la Mitihani, NECTA, haziombwi muhuri kwa mtendaji, zipo, zinaonekana.

Wanaopinga hawabishi kwamba sayansi inahitajika. Wanauliza alama hizo zinatoka wapi. Shule yenye maabara kamili, walimu wa kutosha na umeme wa saa zote hutoa wanafunzi bora kuliko sekondari ya kata ambayo mwalimu mmoja anafundisha kemia vidato vyote. Kwa hiyo zawadi ya ufaulu inaweza kumwendea mtoto ambaye wazazi wake wangemudu, wakati wa sekondari ya kata aliyepambana hadi daraja la pili anabaki kwenye foleni ya mkopo.

Mwanafunzi mwerevu hachagui upande. Huomba vyote anavyostahili, kwa sababu kukosa kimoja hakumzuii kupata kingine.

Hoja ya Bodi, hoja ya wanaolipa

Kwa upande wa Bodi, hoja ya karatasi ni nzito. Hizi ni fedha za umma. Waombaji ni wengi kuliko fedha, na kila mmoja atasema ni maskini. Bila ushahidi, mkopo ungemwendea mwenye maneno mengi au mwenye mjomba ofisini. Upimaji wa uhitaji unaotumia vigezo vilevile kwa wote, hata ukiwa na kasoro, humlinda mnyonge dhidi ya kujuana.

Kisha kuna wanaolipa. Mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi, kiwango kilichowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 kutoka asilimia nane ya awali. Mwenye mshahara wa Sh800,000 anaachia Sh120,000. Tozo ya asilimia sita ya kutunza thamani ya mkopo, iliyowafanya wengi waone deni haliishi, ilifutwa mwaka 2021 baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kutangaza uamuzi huo siku ya Mei Mosi jijini Mwanza.

Marejesho hayo ndiyo yanayosaidia kuwakopesha wadogo zao. Anayekatwa asilimia 15 ana haki ya kutaka uhakika kwamba fedha yake inamfikia mhitaji. Mwombaji wa kijijini ana haki ya kutaka uhakika kwamba uhitaji wake utaonekana. Wote wawili wanadai kitu kimoja, taarifa sahihi. Mgogoro uko kwenye nani abebe gharama ya kuitafuta.

> Mwenye mshahara wa Sh800,000 anakatwa Sh120,000 kila mwezi. Ana haki ya kujua fedha hiyo inamfikia mhitaji.

Kwa sasa anayeibeba ni kijana wa miaka 19, tena kwa wiki chache, tena kwa nauli ya kukopa.

Ya kufanya kabla dirisha halijafunguliwa

• Linganisha majina ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA ukiwa bado kidato cha tano. Herufi moja ikitofautiana, anza kuishughulikia hapo.

• Uhakiki wa RITA huchukua siku kadhaa. Ufanye mapema, usisubiri wiki ya mwisho ambayo nchi nzima iko kwenye mfumo.

• Kama umefiwa na mzazi na kifo hakikusajiliwa, nenda ofisi ya mkuu wa wilaya ukaulize utaratibu wa kusajili kifo kwa kuchelewa.

• Tumia namba ileile ya kidato cha nne kuomba chuo na kuomba mkopo. Uliyerudia mtihani, taja namba zote.

• Hifadhi nakala ya kila ulichopandisha, na namba ya simu ambayo haitabadilika. Taarifa za nyaraka zenye kasoro hutumwa kwenye akaunti ya mwombaji, na muda wa kurekebisha ni mfupi.

• Ukikosa, au ukipewa kidogo, subiri dirisha la rufaa. Rufaa isiyo na nyaraka mpya ni kurudia barua ileile. Peleka kile ambacho hakikuwemo mwanzo.

• Unayeendelea, lijue dawati la mikopo la chuo chako kwa sura. Makosa mengi ya malipo hurekebishwa hapo.

Mzigo uhame

Mengi ya yanayodaiwa kwa karatasi tayari yamo serikalini. NECTA ina matokeo, na mfumo wa Bodi tayari unayasoma. NIDA ina utambulisho, RITA ina vizazi na vifo vilivyosajiliwa, TASAF ina orodha ya kaya maskini. Madaftari haya yakizungumza yenyewe kwa yenyewe, kijana hatalazimika kuzunguka na bahasha akiwa tarishi wa Serikali, akipeleka kwa ofisi moja taarifa zilizokwishaandikwa na ofisi nyingine.

Kwa vile visivyomo kwenye daftari lolote, pa kuanzia ni shuleni. Jina la mwanafunzi hujikita anaposajiliwa kwa mitihani ya taifa ya sekondari. Shule ikimtaka kila mtoto alete cheti cha kuzaliwa kabla ya usajili huo, na ofisi ya RITA ya wilaya ikafika shuleni siku moja kwa mwaka, makosa ya majina yatanaswa miaka minne kabla ya chuo. Siku hiyohiyo wanaweza kuandikishwa waliofiwa na wazazi, wakati mashahidi wa mazishi bado wapo kijijini.

Kazi hiyo ni ndogo kuliko kutafuta bilioni nyingine. Kila Juni Bunge hupitisha mabilioni ya mikopo na kupiga makofi. Makofi hayo yatastahili pale mtendaji wa kijiji, mwalimu wa taaluma na afisa wa usajili wa wilaya watakapohesabiwa kuwa sehemu ya bajeti hiyo, kwa sababu wao ndio wanaoamua nani ataifikia.